Blenda, mbuzi au presha kuka? Anza na nazi na maharage yenyewe

Swali: Naishi Tabata Kimanga. Nilinunua blenda ya bei nafuu nikaachana na mbuzi ya kukunia nazi, lakini tui linatoka la kijivu, lina chengachenga, na kwenye mchuzi linakatika. Sasa blenda yenyewe imeanza kunuka kama waya unaoungua. Maharage nayo, ninayonunua duka la jirani, nachemsha saa tatu na bado yana kiini kigumu. Shoga yangu ananiambia nitafute blenda kubwa na presha kuka ya umeme, yote yataisha. Pesa niliyonayo inatosha kimoja tu. Ninunue kipi? Na kile kikombe kidogo cha blenda, naweza kusagia mahindi ya uji wa mtoto?

Jibu: Dada yangu wa Kimanga, blenda nyingine usinunue. Presha kuka huenda ndiyo, ila kwanza fanya jaribio la usiku mmoja lisilo na gharama, nitakueleza huko chini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya unachokilalamikia ilianza kabla chakula hakijaingia jikoni kwako, na hakuna mota inayorudisha mafuta kwenye nazi iliyoangushwa kabla ya wakati wake.

Tuanze na nazi. Mnazi mrefu wa pwani yetu, huu uliotapakaa kuanzia Tanga na Pangani hadi Mkuranga, Mafia na Lindi, huhitaji karibu miezi 12 kutoka ua hadi nazi iliyokomaa. Nusu ya kwanza ya safari hiyo mti unajenga makumbi, kifuu na maji. Nyama huanza kama utando laini kwenye dafu, na mafuta huja kujaa miezi ya mwisho. Sasa, mnazi wenye afya hutoa shada karibu kila mwezi, lakini mkwezi hapandi kila mwezi. Hupanda baada ya miezi miwili au mitatu, akakata mashada kadhaa kwa mpigo. Kwenye rundo moja unapata nazi iliyokomaa na koroma, yaani ile ambayo haijakomaa. Bei ikipanda, koroma huongezeka. Kwa kuwa nazi inafika mjini ikiwa imeshafuliwa, rangi ya makumbi ambayo ingekuonyesha umri wake imebaki shambani.

Ndiyo maana kagua kwa mkono na sikio. Nazi iliyokomaa ina kifuu cha kahawia iliyokolea, ni nzito kwa ukubwa wake, na ukiitikisa maji yanacheza kwa sauti. Koroma imejaa maji mpaka haichezi, na kifuu chake kina rangi nyepesi. Nazi nyepesi isiyo na sauti kabisa ina ufa, au imeanza kuota na ndani kuna joya limekula utamu wote. Angalia macho matatu: yawe makavu, bila ukungu wala unyevu. Ukishaivunja, onja maji yake kabla ya kufanya lolote. Yakiwa na uchachu au ladha kama ya sabuni, iache hapohapo.

Huenda umeona pia nazi za siku hizi ni ndogo au zimepinda upande. Mara nyingi huo ni utitiri, au mdudu mfyonzaji anayechoma nazi zikiwa changa, na mashamba yenye sisimizi wa majimoto huumia kidogo kwa sababu sisimizi hao humwinda. Juu ya hayo kuna ugonjwa unaoletwa na fitoplazma, vimelea vya jamii ya bakteria, ambao umeua minazi mingi ya pwani ya bara na kuacha magogo yaliyosimama bila makuti. Kituo cha utafiti cha TARI Mikocheni, hapahapa Dar, kimeushughulikia kwa miaka mingi. Nazi ndogo iliyokomaa haina ubaya wowote jikoni. Nyama yake ni kidogo tu, kwa hiyo punguza maji. Wengi wanakosea hapo: kikombe cha maji ni kilekile, nazi imepungua nusu, halafu lawama anapewa blenda.

Mama mkwe anayesema tui la mbuzi ni zito ana hoja, ila sababu si uchawi wa mbuzi. Meno ya mbuzi yanachana nyama nyembamba na mpishi mzoefu anaacha kukuna anapokaribia ngozi ya kahawia. Kisha anakamua kwa mkono akitumia maji kidogo. Blenda inafanya kinyume kwa kila hatua. Ngozi ya kahawia inasagwa pamoja na nyama, na hapo ndipo kijivu chako kinapotoka. Visu havizunguki vizuri bila maji, kwa hiyo unaongeza maji. Ukiona haijalainika unaendelea kusaga dakika tatu, nne, hadi machicha yanakuwa unga unaopita kwenye chujio. Hizo ndizo chenga.

Fanya hivi. Vunja nazi mbili za wastani, weka vipande vyenye kifuu juu ya moto mdogo dakika mbili hadi tatu, kifuu kikielekea motoni, mpaka usikie nyama inaachia. Usizidishe, mafuta yataanza kutoka. Mwenye friza anaweza kuviacha humo usiku kucha, matokeo ni yaleyale. Bandua nyama kwa kisu butu, menya ngozi ya kahawia kwa kimenyeo cha viazi, kata vipande vya ukubwa wa punje kubwa ya hindi. Chukua gramu 250 za nyama hiyo na maji mililita 250, si zaidi. Maji yawe ya uvuguvugu mkali: sehemu moja ya maji yanayochemka kwa mbili za maji ya bomba zinakupa takriban nyuzi joto 50. Maji baridi ya friji yanagandisha mafuta ya nazi, ambayo huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, nayo yanabaki kwenye machicha. Maji yanayochemka yana ubaya wa aina mbili: yanapika protini ya nazi, na mvuke unaweza kurusha kifuniko cha jagi ukakuunguza.

Washa na kuzima mara tatu au nne kwa mipigo mifupi, kisha saga sekunde 30, pumzisha dakika moja, saga tena sekunde 30. Basi. Mimina kwenye kitambaa safi cha pamba au kifumbu, ukamue kwa mikono miwili. Chujio la plastiki la chai halitoshi hapa. Hilo ni tui zito. Rudisha machicha, ongeza mililita 400, saga sekunde 20, kamua. Hilo ni tui jepesi.

Njia ambayo mimi naipendelea kuliko zote kwa mkazi wa mjini ni ya mchanganyiko. Kwenye masoko mengi ya Dar kuna mtu mwenye mashine ya kukuna nazi. Chagua nazi mwenyewe, ivunjwe na kukunwa mbele yako, mwambie asifike kwenye ngozi, uende nayo nyumbani moja kwa moja. Kisha blenda ifanye sekunde 15 tu. Nazi iliyokunwa kabla hujafika na kufunikwa kwa gazeti usiichukue. Kwa joto letu inachacha ndani ya saa chache, na hujui ilikuwa koroma au nazi. Kama mbuzi bado ipo uvunguni, itoe, pitisha tupa kwenye meno yake, ni dakika kumi za kazi.

Kukatika kwa tui ni suala la moto. Tui ni matone ya mafuta yaliyozungukwa na maji, na protini ndiyo inayoyashika yasiungane. Karibu na nyuzi joto 80 protini inaanza kuganda, matone yanakutana, mafuta yanapanda juu na maji yanabaki chini. Ukiwa na tui jepesi la koroma unalichemsha muda mrefu ukitegemea lizidi uzito, na kwa kufanya hivyo unalikata. Kwa mchuzi, pika nyanya, ukwaju au ndimu vikamilike kwanza kwa tui jepesi, kwa sababu uchachu nao unagandisha protini. Punguza moto, mimina tui zito, koroga polepole bila kuacha kwa dakika tano hadi saba, epua linapoanza kutoa mapovu madogo pembeni. Wengine husisitiza kukoroga upande mmoja. Upande si hoja, la muhimu ni mwiko usisimame. Kwa wali, vikombe viwili vya mchele vipikwe na vikombe vitatu vya tui jepesi, na tui zito kikombe kasoro robo liingie maji yanapokaribia kukauka, kisha moto wa chini kabisa. Mchele mkavu wa mwaka uliopita utahitaji robo kikombe zaidi.

Tui lisilotumika lisikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili. Friji linakaa siku mbili, friza mwezi mmoja. Likigawanyika tabaka mbili kwenye friji halijaharibika, ni mafuta yameganda juu. Pasha taratibu ukoroge.

Ile harufu ya waya. Geuza blenda usome kibao chake: zile za watti 300 au 350 zimetengenezwa kwa juisi ya embe na parachichi. Kwa nazi nataka angalau watti 500 halisi, maana baadhi ya maboksi huandika nguvu ya kilele ambayo mota inaishika kwa nukta chache. Blenda ndogo bado inaweza kusaga nazi kwa mafungu ya gramu 120, ikipumzika dakika mbili kila baada ya dakika moja ya kazi. Umeme ukishuka jioni, mota inazunguka taratibu, na feni yake ndogo iliyo kwenye shafti hiyohiyo inapoza kwa nguvu pungufu, wakati mzigo ni uleule. Nazi isagwe mchana.

Kabla hujaenda kwa fundi, chomoa waya na uangalie jagi. Lipindue, zungusha kisu kwa kushika kitambaa. Kinatakiwa kizunguke kwa urahisi bila kuyumba. Kikiwa kigumu, bushi (kipete kinachoshika mhimili wa kisu) imekauka au imeshika kutu, na mota inahangaika na bushi wala si nazi. Ukiona majimaji meusi chini ya kisu, mpira wa kuzuia maji umekwisha; majimaji hayo yanashuka kwenye mota na, ubaya zaidi, kutu na grisi vinapanda kwenye tui. Angalia pia kile kiunganishi cha mpira kinachopokea mzunguko kutoka chini: meno yake yakilika, yanateleza na kunuka mpira ulioungua, harufu ambayo watu huichanganya na ya mota. Mpira, bushi na kiunganishi vyote hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko blenda mpya. Kama ni moshi unaotoka kwenye matundu ya chini, hapo mota yenyewe imeumia. Na usiloweke kitako cha jagi kwenye beseni usiku kucha. Bushi nyingi hufa hivyo.

Sasa maharage. Hapa usimlaumu moto wala sufuria kabla ya kujua yamekaa wapi. Maharage mengi yanayouzwa Dar yanatoka nyanda za juu kusini, Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe, mengine Kagera, Kigoma, Manyara na Kilimanjaro. Nyanda za juu kusini mavuno makubwa huwa kati ya Aprili na Julai. Ukinunua Februari kuna uwezekano mkubwa unapika mavuno ya miezi saba au zaidi iliyopita. Mbeya kwenye baridi miezi saba si kitu. Ndani ya stoo ya bati hapa mjini, joto likipita nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari juu yake, ni mingi. Ndani ya punje, joto na unyevu huvunja kemikali iliyokuwa imeshikilia kalsiamu na magneziamu. Madini hayo huenda kwenye pektini, ambayo ni gundi kati ya chembe na chembe, na kuikaza isiyeyuke tena kwa urahisi. Punje inavimba, inapendeza, lakini kiini kinabaki kigumu.

Jaribio nililokuahidi ni hili. Hesabu punje 100, ziloweke kwenye maji mengi kwa saa 12. Asubuhi tenga zisizovimba. Zikiwa zaidi ya kumi, tatizo ni ganda lililokaushwa mno: mimina maji yanayochemka, acha dakika mbili, loweka upya, yataiva. Zikivimba zote au karibu zote, chemsha hizo zilizovimba saa moja na nusu na uzibonyeze kwa vidole. Zikibaki na kiini kigumu, ndani kumekaza. Rudia jaribio lilelile kwa maji ya dukani ya chupa. Yakiiva kwa maji ya chupa na kugoma kwa maji yako, una jibu: maji.

Maji ya bomba ya DAWASA yanayotoka Ruvu hayana shida kubwa kwa maharage. Visima virefu vya mitaani ni habari nyingine. Vingi vina chumvichumvi na kalsiamu, na kalsiamu hiyo inakaza gundi ileile. Dalili utaiona kwenye kufua, sabuni haitoi povu na birika linaota utando mweupe. Dawa ni chumvi ya mezani kwenye maji ya kulowekea, kijiko kimoja cha chakula kisichojaa kwa lita moja. Sodiamu inang'oa sehemu ya kalsiamu kwenye ganda. Asubuhi mwaga, suuza, pika kwa maji mapya. Ile imani kwamba chumvi inakaza maharage haina msingi, vinavyokaza ni nyanya na ukwaju. Hivyo viwili usiviweke mpaka maharage yameiva. Magadi yanafanya kazi, robo kijiko cha chai kwa lita moja, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi mchuzi unateleza na kuwa na ladha ya sabuni. Nayaweka kwa maharage yaliyoshindikana tu.

Yakishindikana kwa maji ya chupa pia, badili duka kabla ya kubadili sufuria. Nenda Tandale au soko lolote lenye mzunguko mkubwa wa nafaka, uliza yalivunwa lini na yametoka wapi. Muuzaji anayejua kazi yake anajibu bila kufikiri. Jina la aina ya maharage, kablanketi au njano, halikuhakikishii kuiva kama gunia limekaa mwaka. Punje ya zamani hupoteza mng'aro na rangi yake hukolea, maharage ya njano huelekea kahawia. Tundu la mviringo kama limetobolewa kwa sindano ni kazi ya wadudu, na likionekana moja kwenye kiganja yapo mengi kwenye gunia. Nyumbani weka ya wiki nne hadi sita tu, kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko.

Hapo ndipo presha kuka inapopata nafasi yake. Ya umeme hufikisha nyuzi 115 hivi, ilhali sufuria ya kawaida hapa usawa wa bahari haivuki 100. (Wa Mbeya mjini, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, anaihitaji kuliko wewe.) Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, maji yapande sentimita tatu juu yake, kijiko cha mafuta kuzuia povu, na vyote kwa pamoja visivuke nusu ya sufuria kwa sababu povu likifika kwenye vali linaiziba. Dakika 20 hadi 25 za presha, kisha iache ishuke yenyewe dakika 15. Ukifungulia vali ghafla maharage yanapasuka na maji machafu yanaruka. Ya zamani yape dakika 40. Yakigoma hapo, hayataiva, usipoteze umeme.

Kwa hesabu, sufuria ya watti 1,000 inavuta umeme mfululizo wakati wa kupanda presha, kisha kwa vipindi, na upishi huu unamaliza takriban nusu uniti. Kwa anayelipa shilingi 356 kwa uniti, ni chini ya shilingi 200. Linganisha na mkaa unaomaliza kwa saa tatu. Na huo mkaa nao una asili yake: kwenye tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni.

Tahadhari moja ya usalama. Ikiwa na kitufe cha kupika polepole, usikitumie kwa maharage mekundu mabichi. Yana lektini, sumu inayoumiza tumbo vibaya, na inahitaji maji yanayochemka kwelikweli angalau dakika kumi ili iharibike. Moto wa polepole hauifikishi huko.

Mahindi ya uji, hapana. Kikombe kile ni cha iliki, pilipili manga na binzari, gramu 50 kwa sekunde 20. Hindi litakitoa kisu makali na kuipasha mota ambayo tayari inalalamika. La maana zaidi ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu: haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kusaga wala kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua punje moja moja, tupa zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizodumaa, hata kama ni robo ya sinia. Peleka mashineni, yakobolewe, na unga wa mwanzo uliobeba mabaki ya mteja aliyetangulia uache. Usimlishe mtoto mahindi na karanga kila siku, ndivyo vinavyobeba sumu hiyo zaidi. Zungusha na ulezi na mchele.

Basi pesa yako igawanye hivi: kwanza mpira na bushi ya jagi, ukienda na jagi lenyewe dukani maana vipimo vinatofautiana. Kinachobaki, kama jaribio limeonyesha maharage yako ni ya kawaida ila mkaa unakumaliza, nunua presha kuka ya lita sita. Kabla ya kulipa muulize muuzaji kama ana ringi ya silikoni na kile kimpira cha kidude kinachopanda presha ikijaa, na ununue vya akiba siku hiyohiyo. Ringi hulegea baada ya mwaka au mwaka na nusu, na ukiwa huna nyingine sufuria nzima inageuka pambo. Ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Umeme ukikatika katikati ya upishi usiguse kifuniko mpaka kidude kishuke. Ukirudi, anza upya kwa dakika kumi.